Bwana Wosia Apata Nyumba

Bwana Wosia hakuwa mgonjwa, lakini hapakuwa na mgonjwa aliyekalia mabenchi ya hospitali kumshinda. Kila siku ya kliniki ya wazee alikuwapo, suti imenyooka, mkoba mapajani, akiwinda jambo moja tu: mtoto anayemtazama mzazi wake kama mpishi anavyotazama sufuria, kuona kama imeshachemka.

Siku hiyo aliwapata wawili kwa mpigo. Kulia kwa mzee mmoja mwembamba aliketi mwanawe wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kushoto, bintiye mwenye saluni. Mzee akikohoa, wote wawili wanainama. Kikohozi kikipita, wote wawili wanashusha pumzi, na wala haikuwa pumzi ya shukrani.

"Riziki hiyo," Bwana Wosia alijiambia, akasogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mshauri wa familia, mambo ya uzee na mirathi. Mzee wangu, umeshaandika wosia?"

Binti aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "We kaka! Hayo yanasemwa mbele ya mzee?"

Katika familia ile, kuuliza mali ya baba aliye hai kulikuwa sawa na kumchimbia kaburi naye akuangalie. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Waliwaza tu, kwa bidii. Bwana Wosia alizipenda sana familia za namna hiyo. Familia isiyouliza ni shamba lisilo na ua, unaingia upande wowote.

Ujuzi wake aliupatia kwa wakili mmoja, alikokuwa tarishi. Alibeba mafaili mpaka maneno yakamganda ulimini: "kwa mujibu wa", "bila kuathiri haki ya". Kisha akafukuzwa, kwa sababu zisizofaa kusimuliwa watu wakiwa mezani.

Alianza na kaka, dukani, katikati ya nondo na mifuko ya saruji.

"Mzee ananisikiliza," alimnong'oneza. "Naweza kuielekeza kalamu yake, nyumba ikaangukia kwako. Ila kalamu haitembei bila wino."

"Wino utapata. Na dada yangu?"

"Dada yupi? Mimi sijamwona dada."

Jioni yake alikuwa saluni, akipiga kelele kuishinda mashine ya kukaushia nywele.

"Kaka asijue!" binti alimwonya, akifungua pochi.

"Dada yangu, mimi ni kaburi."

"Hilo neno lipunguze. Baba bado yupo."

Mzee mwenyewe, aliyekuwa fundi cherehani hadi macho yalipochoka, alitia sahihi kila alichowekewa. Wosia wa kumpa kaka, sawa. Wosia wa kumpa dada, sawa vilevile. Mshauri alipaswa kuchukua chake na kutoweka. Tatizo ni kwamba aliipenda nyumba.

Msimlaumu. Maisha yake yote alilala vyumba vya mbao nyembamba, akijua ndoto za jirani kwa jinsi anavyokoroma. Hapa kwa mzee, alikokuja na karatasi za sahihi, palikuwa na sebule ya vigae inayopoza nyayo, chumba cha nyuma chenye dirisha la uani, na mlango mzito unaofungwa kwa ufunguo mmoja. Mlango wako, ukiufunga, dunia inabaki nje! Hakuwahi kuwa nao.

"Unaipenda nyumba," mzee alimwambia siku moja.

"Nani, mimi?"

"Umeupapasa ukuta tena. Mwanangu, nimeuza nguo miaka mingi. Mtu akipapasa kitambaa hivyo, huyo haulizi bei, ananunua." Mzee alisogeza kiti. "Sikiliza. Wanangu wananingoja nife, na mimi sina haraka. Kuna mama mmoja, mjane mwenzangu, anafuga kuku mji wa pili. Kanialika nikamsaidie kuokota mayai. Nipe ulicho nacho, uchukue funguo. Leo leo. Ila wanangu wasisikie."

Moyo wa Bwana Wosia ulidunda kama ngoma ya kukodiwa. Nyumba nzima kwa bei ya mbuzi! Tarishi wa zamani ndani yake alifungua mdomo aulize hati ya nyumba. Mjanja ndani yake akaufunga. Ukimuuliza mtu hati, naye atakuuliza fedha umezitoa wapi, na mzee aliyeanza kuuliza maswali anaweza kuamka. Akampa vyote: vya kaka, vya dada, vyake, na saa ya mkononi juu.

Mzee alimkumbatia, cherehani kwapani. "Hakuna aliyewahi kunipangia uzee vizuri hivi."

Usiku ule Bwana Wosia alilala kama sultani. Asubuhi aliamshwa na hodi ya mama mnene aliyebeba funguo nyingi kuliko mlinzi wa jela.

"Wewe ndiye mpangaji mpya? Mzee kasema anatuachia mtu mstaarabu. Haya baba, kodi."

"Kodi gani? Hii si nyumba ya mzee?"

Mama yule alicheka mpaka funguo zikalia. "Mzee? Amepanga kwangu tangu wanawe hawajaota meno! Vigae hivyo alitandika marehemu mume wangu."

"Na watoto wake hawajui?"

"Hawajawahi kuniuliza. Wakinikuta hapa wananiamkia vizuri tu, nadhani wananiona shangazi wa mtu."

Bwana Wosia aliona nyota mchana. Kabla hazijazima, geti lililia: kaka na dada, kila mmoja kaja kivyake, wakagongana mlangoni, wakatazamana kwa tabasamu la jino moja. Kaka alikuwa na futi ya kupimia.

Kuwaambia ukweli? Wangeuliza fedha zao, na kaka alikuwa mtu wa kuinua nondo kwa mkono mmoja.

"Mama," alinong'ona, "kodi nitalipa. Shusha sauti."

"Na ya mwezi ujao?"

"Na ya mwezi ujao!"

"Shikamoo shangazi," kaka alisalimu akipita. "Mzee yuko wapi?"

"Kasafiri kupumzika," alisema Bwana Wosia. "Kaniachia niilinde nyumba."

"Safi sana," dada alisema, akikagua dari kwa jicho la mrithi. "Paa linavuja kule nyuma. Panda ulizibe leo. Hatutaki kuachiwa mabovu."

Suti ilitundikwa msumarini. Alikuwa juu ya bati, jua likimkaanga utosi, simu ilipolia. Upande wa pili kuku walikuwa wakitetea kwa raha zao.

"Mwanangu, wameshakupandisha juu?"

"Mzee! Umejuaje?"

"Mimi walikuwa wananipandisha kila mvua zikikaribia. Kanyaga penye misumari, bati la kona limeoza. Na ukishuka, kohoa kidogo. Huwa wanaleta chai."