Bakteria Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata! Udongo wa chini ya mkakao wa mama mkwe, kule Bekwai, umenitolea bakteria wa kijivu, mkavu, ananukia kama mvua ya kwanza. Nilimweka kwenye sahani ya maabara pamoja na vijidudu vya usaha vilivyozishinda dawa za hospitali. Asubuhi hii, duara safi limemzunguka. Hakuna kijidudu kilichothubutu kusogea. Nikacheza hatua mbili tatu kati ya meza, mpaka Dkt. Akosua Frimpomaa, wa meza ya pili, akauliza kama nimekanyaga kitu.

Sasa jina. Ukoo wetu wa Nsiah haujawahi kuwa na kitu chenye jina lake, isipokuwa duka la matairi pale Suame, nalo limefungwa. Nataka “nsiahii”, yaani Nsiah kwa Kilatini, iandikwe vitabuni hadi kiama. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani.

Tatizo: katika kazi yetu mtu hampi bakteria jina lake mwenyewe. Hufungwi, lakini utachekwa mpaka kaburini. Mama Profesa Dufie, mkuu wa maabara, anasema kufanya hivyo ni kujipigia makofi msibani.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umenijia nikiwa naoga. Huwezi kujipa jina, lakini unaweza kupewa! Frimpomaa naye ana bakteria mpya, anamfunika kama mtoto mchanga. Mimi nimpe wangu jina lake, yeye ampe wake jina langu. Nipe nikupe.

Shida ni kwamba hatuelewani, tangu aliposukumia sahani zangu nyuma ya kabati la joto ili zake zipate nafasi. Kwa hiyo nilimpelekea kelewele, ndizi za kukaanga kwa pilipili, za moto. Akala hadi kipande cha mwisho, akasikiliza, akakubali papo hapo. Akasema tangu amwone bakteria wake kwa mara ya kwanza, amekuwa akinifikiria mimi. Nimeguswa. Kumbe huyu dada ana moyo!

Alhamisi, 6 Machi

Tumepeana mikono mbele ya Mama Profesa. Bakteria wangu mzuri sasa anaitwa frimpomaae. Kibandiko nimekiandika mwenyewe. Wake ni nsiahii! Maabara nzima, kwa kufupisha, wanasema Frimpomaa na Nsiah. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu Serwaa akauliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia vyeo hupita.

Ijumaa, 7 Machi

Harufu. Nimeingia maabara, mtu anafoka: “Jamani, nani kamwacha Nsiah wazi? Ananuka!” Nikajinusa makwapa. Kumbe ni bakteria. Yai viza na soksi mbichi kwa pamoja. Kutwa nzima nasikia: mfunike Nsiah, mrudishe Nsiah kwenye friji, nawa mikono, umemshika Nsiah. Frimpomaa anafanya kazi huku mabega yanamtikisika.

Si neno. Hata samaki wa momone, aliyevundikwa kwa chumvi, ananuka, na mchuzi bila yeye si mchuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa! Mama Profesa kaleta habari kutoka hospitali. Bakteria wa Frimpomaa hakutoka udongoni. Katoka kwenye jipu. Jipu la makalioni, la dereva wa lori! Na sasa wodi imejaa majipu ya namna hiyo, makubwa, hayasikii dawa. Madaktari nao, watu wa haraka, wameshalizoea jina. Mgonjwa wa dirishani ana Nsiah kwenye tako la kushoto. Mzee wa jirani yake, Nsiah kamshika pande zote mbili.

Nikamfuata Frimpomaa tubadilishane. Akasema, “Kaka Nsiah, makubaliano ni makubaliano.” Nikamwambia kanidanganya. Akasema hakunidanganya, sikumuuliza. Kisha akacheka hadi akashika meza. Nikamkimbilia Mama Profesa. Hakuinua hata jicho kutoka kwenye hadubini. “Mwanangu, umelikoroga, utalinywa.” Makala yenye majina hayo ilikwisha kutumwa jaridani.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Shoga yake, Maame Pokuaa, kalazwa na jipu, na daktari kamwambia kinachomsumbua ni Nsiah. Mama mkwe alitaka kujua nimemfanya nini mama wa watu. Serwaa akachukua simu aeleze, akaangua kicheko, akanirudishia.

Maame Pokuaa ndiye aliyetupikia siku ya harusi yetu. Nimeona aibu ya kweli leo. Nikaenda moja kwa moja maabara, nikawaweka bakteria wote wawili kwenye sahani moja.

Ijumaa, 14 Machi

Duara! Pana kuliko lile la kwanza! Maabara nzima ilisimama nyuma yangu, ikapiga kelele: “Frimpomaa kamuua Nsiah! Kamfyeka!” Sikujua nishangilie au nikimbie. Nikashangilia. Mama Profesa akanikumbatia, akasema dawa haipatikani kwa sahani moja, safari ni ya miaka, lakini njia imefunguka. Frimpomaa kanipa mkono, macho yamemlowa. Kasema kazi ni yangu na ni nzuri mno. Nimefurahi. Na Maame Pokuaa kapasuliwa jipu, anaendelea vizuri, anaomba bakuli la fufu.

Jumapili, 16 Machi

Nimelitafakari kanisani, wakati wa mahubiri. Dawa nani anaikumbuka? Mtu akipona husahau hata rangi ya kidonge. Lakini ugonjwa! Atausimulia hadi kwa wajukuu. Leo redio imemtaja Nsiah tangu asubuhi: oga, usitumie taulo la mwenzio, Nsiah anaambukiza. Mtangazaji alikuwa analitamka vibaya, nikapiga simu kumrekebisha. Marehemu baba angelia kwa furaha. Frimpomaa, maskini, hajatajwa hata mara moja. Nimemhurumia.

Na kuna habari njema zaidi. Mtafiti mmoja wa Tamale, Dkt. Wumpini, kanipigia. Ana bakteria mpya, anatafuta mtu wa kumheshimu kwa jina, na ukoo wa mama yangu, Amponsem, bado hauna chochote. Anasema mdudu wake ni mwaminifu sana: akimzoea mtu, hamwachi. Nilikubali kabla hajamaliza. Sikuuliza kamtoa wapi. Kumhojihoji mtu mwema si adabu.