Nilivyoishinda Benki kwa Bisibisi

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya benki imefika. Eti miezi minane sijalipa mkopo wa nyumba, na Ijumaa dalali atabandika tangazo la mnada. Uongo mtupu. Kila mwezi nalipa mwenyewe dirishani, namba ya akaunti nainakili kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Nimewapelekea stakabadhi zote nane. Nikazipunga mbele ya karani, ila sikumpa hata moja. Watu hawa si wa kuaminiwa. Akasema kwenye mkopo wangu hakijaingia kitu, akaita mteja mwingine. Nyumbani mke wangu analia. Watoto wanauliza tutahamia wapi. Nimeumia sana, lakini nimejikaza.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa yao! Dalali hatujui sisi, anajua kibao cha namba mlangoni. Nyumba inayofuata ni ya mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu. Haidaiwi na mtu. Dalali akibandika kwake, mnada umeharibika. Mama mkwe alipokwenda sokoni nikachukua bisibisi, nikabadilisha vibao. Dakika kumi tu. Nimeona haya kidogo, maana siku hizi ananiita mwanangu. Zamani nilikuwa “huyo”. Haya imepita.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne dalali kaja na gundi yake. Kabandika kwa mama mkwe! Nilikuwa nyuma ya pazia, nikajipongeza. Mama mkwe akatoka, akasoma, akabandua, akavaa viatu vyake vya kazini, akaniamuru nimsindikize benki.

Foleni hakupanga. Alimwambia meneja kwamba nyumba ile kaijenga kwa chaki na hadaiwi hata senti. Meneja akafungua akaunti yake kwenye kompyuta, akakuta miezi minane mfululizo nimemwekea pesa. Mama mkwe akasema anajua, ni matunzo ya mkwe wake, na hajazigusa, anawawekea wajukuu.

Kumbe ile karatasi ya friji ni namba yake. Mke wangu aliibandika ili tumtumie pesa za dawa.

Ikabidi niseme ukweli, kwamba pesa zile zilikuwa za mkopo. Mama mkwe aliniangalia mpaka nikajiona nimevaa kaptura ya shule. Kisha akamgeukia meneja, akamuuliza karani wake alipokeaje fomu zilizoandikwa mkopo wa mtu huyu na namba ya mtu mwingine, mara nane. Pesa zimehamishwa, faini imefutwa, mnada hakuna. Nyumba ni yetu! Nje akaniuliza kama hata mwezi mmoja haukuwa wake kweli. Nilikosa pa kuweka uso. Nimemwahidi kumtumia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimerudisha vibao. Mama mkwe akanikuta na bisibisi. Nimemwambia nilikuwa navisafisha.

Jumatano, 3 Aprili
Nimelipa mkopo mapema. Karatasi ya friji nilishaichana, namba naandika kwa kichwa. Mtu aliyeishinda benki nzima anakili ya nini? Karani akauliza kama nina hakika na namba. Nikamtazama tu, akagonga muhuri. Jioni fundi wa paa kanipigia simu, ananishukuru na kuniombea maisha marefu. Huyu pesa zake za kazi nilimwekea kwenye akaunti yake mwaka jana, tukamalizana. Nadhani sifa zangu zimeanza kuenea.