Kengele Yangu na Saa ya Tanzania

Leo nimekwisha, jamani. Kaeni vizuri niwape.

Mnaijua ile nafasi moja ya kwenda Pemba, Pemba yetu ya Msumbiji, likizo hii kusoma kompyuta? Diretor, mkuu wetu wa shule, alisema ataipata mwanafunzi atakayeitengenezea shule kitu cha maana. Mimi huyo! Nikasema natengeneza kengele. Simu inaungwa na spika, saa ikifika inalia yenyewe. Mzee Saide, mlinzi wetu, apumzike kugonga lile rimu la lori.

Niliandika mwenyewe? Wapi! Niliiagiza akili bandia, ikaandika yote. (Watu wote niliwaambia nimeandika mimi. Mpaka bibi.) Zainabo tu, ninayekaa naye dawati moja, ndiye aliyenishtukia.

"Sasa kama mashine ndiyo inayoandika, wewe programador wa nini?"

"Wa kuituma, dada. Siku hizi kusoma hiyo mistari ya kompyuta ni kazi ya washamba."

Baada ya mapumziko tukafunga spika kwenye dirisha la ofisi. Mlio wa kwanza ungekuwa wa saa sita, wa kwenda nyumbani. Mzee Saide akaniangalia. "Mjukuu wangu, ndiyo unaninyang'anya kazi hivyo?"

Nikampapasa bega. (Mimi! Bega la mzee!) "Babu, ndiyo maendeleo."

Tuko katikati ya jaribio la hesabu, kengele ikalia. Darasa likaripuka. "Viva programador!" Nikabebwa juu juu mpaka uani. Madarasa ya wadogo yakatoka mbio, yakapita getini, hayo yakapotea. Mimi huko juu napunga mkono kama rais.

Diretor akatoka na chaki mkononi. "Nani amewafungulia? Saa tano hii!"

Saa tano? Nikaitazama simu. Saa sita kamili.

Simu yangu inakwenda kwa saa ya Tanzania! Niliiweka hivyo nisikose mechi za ligi yao. Nikitaka saa ya hapa, natoa moja kichwani, kama wanavyofanya nusu ya watu wa Palma yetu hii ya mpakani. Kichwa changu kinajua kutoa. Kengele nani aliiambia?

"Fungua hiyo programu yako," akasema Diretor. "Tusomee mstari wa kwanza."

Nikafungua, mbele ya wote waliobaki. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona. (Wallahi.) Umeandikwa kwa Kireno safi, nikausoma huku sauti inazidi kudidimia: "Kama nilivyokwisha kukueleza mara mbili, kabla ya kutumia, hakikisha simu yako iko kwenye saa ya Msumbiji."

Zainabo akadakia: "Kumbe hata mashine imechoka na wewe!"

Uani pote kicheko. Mzee Saide alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pemba," akasema Diretor, "anakwenda anayesoma anachokileta." Zainabo akanyoosha mkono pale pale, akaomba simu yangu asome mistari iliyobaki. Dada huyo hana huruma.

Na mimi? Kesho nagonga rimu. Mzee Saide ameshachagua kiti cha kukalia na kivuli atakapokiweka. "Uwahi, programador," ameniambia, "na uje na saa ya hapa."

Wanasema akili bandia itamaliza kazi za watu. Mimi ndiyo kwanza imenipa. Na anayecheka acheke polepole, maana kuanzia kesho kengele ya kutoka ninayo mimi.