Kitone cha Kijani cha Shangazi

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Leo nimejijua. Mimi ni mtu wa uongozi.

Tulikuwa na mkutano wa mtaa pale barazani kwa Kinyozi. Fundi wa kampuni ya umeme, mama mmoja wa miwani mikubwa, katueleza habari ya programu mpya. Sola zote za kwenye mapaa yetu, na mabetri yote ya ukutani, sasa yanaongozwa na programu moja. Nyumba yenye ziada inatoa, yenye upungufu inapelekewa. Gridi ya taifa ikikatika, programu inagawa kilichobaki kwenye mabetri. Tukawekewa ramani ya mtaa kwenye simu. Kila nyumba ni kitone. Kijani, nyumba inatoa. Chekundu, inavuta.

Fundi kaongea mengi mengine, sijui programu inasoma tabia za nyumba, sijui nini. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa naangalia kitone chetu, nyumba ya shangazi, ninapokaa chumba cha uani. Kijani! Nikajiona kama nimepata mtoto.

Halafu jambo lenyewe. Anatafutwa msimamizi wa mtaa. Atapangusa sola, ataangalia mabetri, atapewa koti lenye mistari inayong'aa. Fundi atakuja kwa shangazi Jumapili jioni, achague mbele ya majirani. Koti lile ni langu. Miaka yote mtaani sina jina. Naitwa Yule wa kwa Shangazi. Mtu wa koti hawezi kuitwa Yule.

Nikanyoosha mkono nijitaje. Macho yote yakanigeukia. Mkono ukashuka wenyewe, ukafikia kichwani, nikajikuna. Kinyozi naye anaitaka kazi hiyo. Akauliza nina swali au nina chawa, maana chawa anawatoa bure. Baraza zima likacheka. Mtu mkubwa hajibizani.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimegundua siri! Mwenye kijani kilichokolea kuliko wote ndiye anayejua umeme. Huyo ndiye atachaguliwa. Fundi hakusema hivyo, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Shangazi alipotoka nikachomoa friji. Kitone kikang'aa kama jani baada ya mvua. Raha iliyoje!

Jioni shangazi karudi, kakuta barafu zake za kuuza zimekuwa maji. Kaniuliza kulikoni. Nikasema friji imechoka. Akasema friji haichoki, anayechoka ni yeye, kulisha watu wasiochoka. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Jua likizama kitone kinafifia. Dosari kubwa, na wataalamu wote hawakuiona. Nimeiona mimi.

Nikachukua taa kubwa ya mlangoni, nikavuta waya kutoka sebuleni, nikapanda paani, nikaimulika sola. Jua la kwangu mwenyewe! Kitone kikawa chekundu papo hapo. Nadhani programu ilishtuka. Haijazoea kuona jua la jioni.

Kinyozi alikuwa kizingitini kwake. Akaniuliza natafuta nini juu kule. Nikasema natafuta paka. Basi akaanza kunisaidia. Nyau, nyau, mtaa mzima! Majirani wakatoka, nao nyau, nyau. Paka wakaja kweli. Ikabidi nishuke na mmoja. Amekataa kuondoka.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Leo nimepiga bao. Kama kijani chetu hakipandi, basi cha Kinyozi kishuke!

Kila chetu kinachokula umeme nimekipeleka kwake. Simu zote zinachajiwa kwake. Nguo zote nazipigia pasi kwake. Hata friji! Nimemwambia shangazi kwa Kinyozi umeme ni laini, friji itapona haraka. Tumeikokota mimi na yeye. Kinyozi kapokea yote kwa kicheko, kasema jirani wa karibu ni ndugu. Maskini. Hajui kwamba anachinjwa. Kitone chake sasa ni chekundu kama jicho la mlevi.

Chetu? Kijani kibichi! Siku hizi tunawasha balbu moja tu, ya jikoni. Feni hapana, redio hapana. Shangazi analalamika kwamba chumbani anapapasa kuta kama anatafuta mchumba. Nimemwambia avumilie, ni mambo ya uongozi.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Naandika kifupi. Kalamu haionekani.

Mawingu tangu asubuhi. Jioni majirani wamejaa sebuleni, viti vya kuazima, chakula mezani, shangazi kavaa gauni lake la harusi za watu. Fundi akafika. Nikamshikia simu mbele ya miwani yake aone kijani. Nilikuwa nimepanga hotuba ya maneno matatu. Nilipofungua mdomo tu, gridi ikakatika.

Nikatabasamu. Sisi ndio watoaji wakubwa, nani atakosa?

Balbu ya jikoni ikabaki inawaka. Hiyo tu. Nikabonyeza swichi ya sebuleni. Taa ikawaka kidogo, halafu zikazimika zote mbili. Mtu akakanyaga paka.

Ng'ambo ya barabara kwa Kinyozi kulikuwa kama harusini. Taa, feni, muziki. Na friji yetu inanguruma kwa furaha.

Fundi akafungua simu yake, akasoma, akatikisa kichwa. Akasema programu inafuata mazoea ya wiki nzima. Nyumba hii imeonyesha inatosheka na balbu moja ya jikoni, basi imetengewa umeme wa balbu moja. Uliobaki umepelekwa kwa yule mwenye matumizi mengi. Akamuuliza shangazi, mama, kwani mlikuwa mmesafiri?

Shangazi akasema, hapana mwanangu, tulikuwa kwenye uongozi.

Kila mtu akabeba kiti chake. Sufuria zikavuka barabara. Kinyozi akawagawia maji baridi, kutoka kwenye friji yetu! Fundi alimuuliza kuhusu sola, akajibu bila kujikuna. Akavishwa koti. Linambana tumboni, niliona.

Mimi nilibaki mlangoni. Kinyozi akanipigia kelele niingie ndani, nisiogope mwanga, eti karibu Bwana Giza. Wote wakaangua kicheko. Bwana Giza! Shangazi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Nimetafakari vizuri. Nimeshinda.

Mtaa huu wote, programu imemsikiliza nani? Kinyozi kapewa koti tu. Mimi nimefundisha mashine! Niliiambia giza, ikaleta giza, tena bila kunyanyua mdomo. Hilo halifanywi na kila mtu.

Na jina nimepata. Asubuhi watoto wa shule wamenipita, mmoja kasema shikamoo Bwana Giza. Shikamoo! Tangu nizaliwe sijaamkiwa. Nikaitikia marahaba, kwa sauti, katikati ya barabara.

Shangazi hasemi na mimi. Kahamia kwa Kinyozi mchana kutwa, eti anakaa na friji yake. Atarudi akiona mambo makubwa.

Maana nimepata dawa. Kama programu inashika tabia, naifundisha tabia ya kitajiri. Gridi ikikatika tena, sisi ndio tutamiminiwa! Nimewasha kila kitu. Taa zote. Redio. Feni kwenye kila chumba, hata anapolala paka. Pasi nimeilaza juu ya kitanda cha shangazi, ipate moto kwa utulivu. Nimekaa barazani na simu. Kitone chetu chekundu, chekundu! Mtaa mzima hakuna wa kutufikia.

Nasikia harufu ya kitu kinaungua.

Kinyozi huyo. Siku ya kwanza tu ya koti, tayari kaunguza kitu.