Mwanamume wa Jumatano

Hamisi na Juma, leo nimejivua nguo mbele ya wanawake kumi na wanane. (Si nguo za mwilini. Afadhali zingekuwa hizo.) Nawaandikia barua moja muisome wote wawili huko Voi, maana sina nguvu za kuaibika mara mbili.

Mke wangu Mwanaidi mnamjua. Mpole, mtu wa swala zake, miaka sita ya ndoa hajanipa sababu ya kumshuku. Basi tangu mfungo uishe, kila Jumatano alasiri, mimi nikiwa kazini kwenye depo ya mafuta, yeye hutoka. Hujifukiza udi. Huvaa buibui jipya. Nikirudi namkuta anaimba puani, nikimwita ananiitikia "abee" huku macho yake yako kwingine.

Nikamwuliza, "Waenda wapi Jumatano?"

"Jomvu Kuu, kwa Bi Zuhura."

"Kufanya nini?"

"Kuzungumza."

Kuzungumza! Na udi?

Ijumaa, amelala baada ya chakula cha mchana, akasema usingizini, waziwazi kabisa: "Usiingie, ni mtego!" Nikakodoa macho. Nani asiingie? Mtego wa nani? Wa kwangu?

Jana ndipo nilipokwisha. Alikuwa uani akichagua mchele na jirani yetu Kadzo. Mimi niko bafuni, kimya, nimebana pumzi.

"Yule mwanamume atanitia wazimu," Mwanaidi akasema. "Macho yake yasema yote, mdomo ameutia kufuli."

"Kesho atasema," Kadzo akamwambia. "Nahisi tu."

"Asiposema kesho, wallahi nitaugua."

Nilikaa bafuni mpaka maji yakapoa. (Yalikuwa baridi tangu mwanzo.)

Leo nikamwambia msimamizi jino laniuma. Nikaazima kanzu ya fundi mmoja wa kazini, mtu mrefu kama mlingoti, na miwani yake myeusi ya kuchomelea vyuma. Kanzu ikawa yafagia barabara. Walipotoka nyumbani, Mwanaidi na Kadzo mbele, mimi nyuma, najificha kwenye malori. Changamwe malori hayaishi, alhamdulillahi. Lakini tulipoingia vijia vya Jomvu Kuu yakaisha, ikabidi nijifiche nyuma ya minazi. (Mnazi ni mwembamba kuliko unavyodhani.)

Mzee mmoja aliyekuwa barazani kwake akaniita: "Swalehe mwanangu! Mkeo amepita sasa hivi. Kimbia, utamkuta."

"Shikamoo, mzee. Mimi si Swalehe."

"Marahaba, Swalehe."

Nikatota jasho. Kumbe hata huyu anajua? Jomvu nzima yajua, nimebaki mimi tu?

Bi Zuhura ni mama mjane, nyumba yake iko pembeni. Mwanaidi na Kadzo waliingilia mlango wa mbele. Mimi nikazunguka nyuma, nikabandika sikio kwenye dirisha lililofungwa. Kimya. Halafu nikaisikia. Sauti ya mwanamume! Nzito, laini, inasema Kizungu taratibu.

Mzungu! Mke wangu na Mzungu!

Kisha sauti ya Kadzo, inamfasiria: "Anasema, 'Kuna jambo nimekuficha tangu siku ya kwanza.'"

Na sauti ya mke wangu, inatetemeka: "Sema! Sema basi, roho yangu!"

Roho yangu! Mimi miaka sita naitwa "Swalehe, lete ndoo!"

Sikumbuki nilivyofungua mlango wa jikoni. Nakumbuka nimeruka jiko la makaa, nimeingia ukumbini, napiga kelele, "Yuko wapi?" Kanzu ikanasa mahali. Nikaivuta kwa nguvu. Ikalia pa! Kukawa kiza. (Nusu ya kiza ilikuwa miwani.)

Nilipoivua miwani, nikawaona. Wanawake kumi na wanane wamekaa mkekani, wote wameelekea televisheni ndogo. Pembeni betri ya gari, waya zake zimenizunguka mguuni. Mwanamume hata wa dawa hayumo.

"Nani huyu?" Bi Zuhura akauliza.

Mwanaidi akanitazama. Akaitazama kanzu. "Simjui," akasema.

"Mbona avaa viatu vya mumeo?" Kadzo akamwuliza.

Nikajitetea kwa sauti ndogo: "Nilidhani humu ndani kuna mwanamume."

"Alikuwamo!" Bi Zuhura akafoka. "Wiki tisa twamngoja aseme! Ndiyo kwanza afungua kinywa, umemkata ulimi!"

Kumbe ni mchezo wa zamani wa wapelelezi, ule wa picha nyeusi na nyeupe. Mwanamume na mwanamke wanafanya kazi pamoja, wanapendana, hakuna anayethubutu kusema, na kila mmoja anashuku mwenzake anatumiwa na adui. Kadzo, aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu, ndiye mkalimani. Akazirudisha waya mbio. Picha ikaja: msomaji wa habari. Mama mmoja mtu mzima, wallahi, akalia machozi.

Wakati wa kurudi Mwanaidi alinitangulia hatua kumi. Tulipofika kwenye lami nikajaribu: "Kwani huyo mwanamke ajuaje kama mwenzake si msaliti?"

Akavuta buibui lake, akajibu: "Hajui. Ndiyo raha yenyewe."

"Mimi simwamini."

"Hata hujamwona!"

"Nimemsikia. Mtu wa sauti laini vile ana jambo."

Akacheka! Kisha akaanza kunihadithia tangu wiki ya kwanza: barua zilizobadilishwa, mlango uliofungwa kwa nje, mara mbili walipokaribia kushikana mikono. Tulifika nyumbani, tukakaa kizingitini, bado namwuliza maswali.

Hukumu ya Bi Zuhura ni hii: kila Jumanne mimi ndiye wa kupeleka betri kwa wenye umeme ikatiwe moto. Jumatano nimeruhusiwa kuja, ila nikae mwisho wa mkeka, mikono mapajani, mbali na waya.

Sasa msicheke. Ila kama huko Voi kuna mtu aliyetazama leo, niandikieni upesi yule bwana alisema nini. Si kwa ajili yangu, ni hawa wanawake. (Ni kwa ajili yangu.)