Heliamu ya Bwawa la Mkongo

Jumatatu, 4 Agosti
Nimegundua utajiri! Bwawa lililo nyuma ya shamba langu, Mkongo, linatoa mapovu. Redio imesema Rukwa wamepata heliamu ardhini: gesi nyepesi, inapaisha maputo na kupoza mashine kubwa za kupigia picha hospitalini. Tena inaadimika duniani. Rukwa kuna ardhi, Mkongo kuna ardhi. Nini tena? Mke wangu Biasha kauliza kama hayo mapovu si vyura. Nimemsamehe.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwahidi mpwa wangu Mwanajuma, anayeolewa Jumamosi, maputo hamsini yanayoelea yenyewe. Kafurahi, kamwachisha kazi Zaidi mpambaji, anayejaza maputo kwa pampu ya baiskeli. Mshamba! Zaidi kaniuliza mbele za watu gesi naitoa wapi. Nikamjibu: siri ya kiwanda.

Alhamisi, 7 Agosti
Kutwa nzima majini hadi kiunoni. Ndoo kichwa chini, mpira, maputo. Ruba watatu mguuni. Nimejaza matano. Yote yamelala chini kama kuku wa kideri. Gesi imechoka na safari, bila shaka. Halafu inanuka yai viza.

Ijumaa, 8 Agosti
Zaidi kamleta Mwalimu Muzdalifa wa kemia. Fitina! Mwalimu kasema heliamu hainuki wala haishiki moto. Nikamwambia awashe kiberiti tuone. Kaniomba nisogee. Mwanamume hasogei.
Bwuu!
Sina nyusi. Kumbe ni gesi ya majani yaliyooza matopeni. Mwanajuma kalia. Hapo niliumia kuliko usoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi nikaenda kwa Zaidi kuomba radhi. Kacheka kidogo tu, kanipa pampu. Nimejaza hamsini kwa mkono wangu, yeye kayafunga kwa uzi chini ya turubai. Bibi harusi aliponiona alicheka mpaka shungi likateleza. "Mjomba, leo umeyapita maputo kwa kung'aa!" Harusi imefana.

Jumapili, 10 Agosti
Mwalimu kaja kunifariji. Kasema hata hewa tunayovuta ina heliamu, ila kidogo mno, hata haifai kuhangaikia. Mimi niliishia kwenye "ina". Hewa! Pale Nyamwage, kwenye barabara kuu, malori yanaisukuma bure kutwa nzima, haina mwenyewe! Nimeshakata chandarua cha Biasha kuwa mtego. Zaidi nimemteua makamu mwenyekiti. Bado hajaambiwa.