Mkurugenzi Hakuzama, Alishuka

Idara ya Usalama wa Majini ina heshima kuutangazia umma kwamba Mkurugenzi wetu hakuzama. Alishuka majini kikazi, pamoja na msafara wake wote, na akarudi juu kwa utaratibu. Nasema haya kwa mamlaka niliyonayo, maana mimi ndiye Afisa Itifaki, na nilishuka naye, hatua moja nyuma yake kama inavyotakiwa.

Tulikwenda ziwani Jumamosi kuifunga Klabu ya Makasia. Ni watu wa kawaida tu, fundi saa, muuguzi, dereva wa lori, wanaojitolea kufundisha wenzao kutembea na boti bila kuhatarisha maisha, na hawadai hata senti. Idara ilishtuka. Mtu akikupa kitu bure, lazima ujiulize anaficha nini. Isitoshe, tulipata malalamiko kwamba mwalimu wao, msusi mmoja anayeitwa Dada Kasia, huwaambia watu wakae chini bila kuangalia vyeo.

Kabla ya kufunga, Mkurugenzi alitaka kupigwa picha ndani ya boti. Jaketi la kujiokoa alilikubali upesi, kwa kuwa lilifanana rangi na nembo ya Idara. Nasi wengine tukavaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Dada Kasia tulipoingia botini alimokuwa, kasia mkononi. "Karibu, kaa chini."

"Marahaba. Nitasimama kidogo, niwapungie wananchi."

"Watakuona hata ukikaa. Kaka yangu alisimama hivyohivyo kupigwa picha, tukamzika. Ndiyo maana nafundisha. Tafadhali, mzee, kaa. Hata kama unakuja kutufunga, kaa kwanza."

Hapo nikamnong'oneza Mkurugenzi kwamba mkubwa hakalishwi na msusi. Akasimama. Sasa, itifaki inajulikana hata na mtoto wa chekechea: mkubwa akisimama, wote husimama. Tukasimama: mhasibu, katibu muhtasi, mpiga picha na mimi. Boti, ambayo haikuwahi kupewa semina, ikapinduka.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sisi tuliyaoga na suti.

"Unajua mimi ni nani?" Mkurugenzi aliuliza, akitema maji.

"Nakujua. Lala chali, funga mdomo, na uziache nywele zangu," alijibu Dada Kasia, aliyepinduka pamoja nasi.

Akalala chali. Nasi tukalala chali, kwa kufuata vyeo. Niliogopa sana, nakiri, na sikuwahi kufurahi kuamrishwa kama siku ile.

Gatini waandishi wa habari walikuwa wanatusubiri. Nikawatangazia kwamba lilikuwa zoezi. Na kwa kuwa Idara haiwezi kufanya zoezi na klabu iliyofungwa, ikabidi Klabu itambuliwe palepale kuwa mshirika wetu rasmi.

"Zoezi?" Dada Kasia alisema, akikamua sketi. "Basi mmefeli wote. Jumamosi mrudi."

Jumatatu, kwenye kikao cha watumishi, Mkurugenzi aliinuka kuhutubia juu ya mafanikio ya zoezi. Hakuna aliyeinuka naye. Kila mtu alikishika kiti chake kwa mikono miwili. Kisha sauti ikatoka, ya upole kabisa: "Mzee, kaa chini."

Mkurugenzi akakaa.

Idara imeunda kamati ya kumtafuta aliyesema maneno hayo. Mwenyekiti wake ni mimi, na nauhakikishia umma kwamba hatutampata.